Mama Asijue

Kwa miaka kumi na moja, seremala mstaafu alikuwa na maneno matatu tu kuhusu tamthilia za mkewe: "Upuuzi wa wavivu." Mke akiwasha televisheni, yeye alikunjua gazeti likamfunika uso, na mtu akianza kulia kule kwenye kioo, yeye alikohoa. Kwa hiyo utaelewa kwa nini asubuhi ile alikaa kwenye kochi ameshika tama kama mfiwa, akimtazama mtangazaji wa habari. Mtangazaji alikuwa na suti nzuri, na chini ya tai yake yalionekana maandishi hafifu kama ukungu: MAMA ASIJUE.

Akabadilisha stesheni. Wachezaji wa mpira walikuwa wanakimbia juu ya maneno hayohayo. Akaweka ya wanyama. Twiga naye, mama asijue.

Mkewe alikuwa ameondoka wiki tatu zilizopita kumwangalia binti yao aliyejifungua. Jioni ya kwanza nyumba ilinyamaza mpaka mzee akasikia saa ya ukutani inavyopumua. Akachomeka ile flashi ya mkewe yenye tamthilia nzima, apate sauti za watu tu. Sauti tu, jamani. Siku ya nne alikuwa anamenya viazi sebuleni, sufuria katikati ya miguu, asipitwe na neno la yule nesi na ndugu wawili waliokuwa wakimgombea.

Alhamisi nesi alivalishwa shela. Mama mkwe akamnong'oneza shangazi, na maandishi ya tafsiri yakatokea chini: "Mama asijue." Hapo ndipo mzee alipobonyeza rimoti, picha ikasimama. Mkewe alikuwa anarudi Ijumaa. Angewasha mwenyewe, na yeye angeiona harusi kutokea nyuma ya gazeti, heshima yake ikiwa salama. Lakini Ijumaa mke akapiga simu kwamba mtoto ana mafua kidogo, atakuja Jumatatu. Mzee akaiacha picha ilipo, akaifunika televisheni kwa kitambaa cha meza, wageni wasione. Jumatatu alfajiri alipofunua, picha ilikuwa imeng'ang'ania.

Fundi alifika saa mbili. Watu walimwita Fundi Pole, kwa sababu kila kifaa alichokifungua alikipa pole kwanza.

"Pole, mama," aliiambia televisheni, akaipapasa mgongoni. Kisha akamgeukia mzee. "Iliachwa imesimama muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo cha dakika au kidogo cha siku?"

"Siku nne."

Fundi akavua miwani. "Mzee wangu, hata punda hasimamishwi siku nne. Kwa nini hukuzima?"

"Ningezima ingerudi mwanzo, na kutafuta mahali pake sijui. Mimi nikiacha ubao naweka alama ya penseli, nikirudi naendelea."

"Basi alama yako imekolea."

"Acha maneno. Inafutika?"

"Hizi televisheni za plazma ni kama ngozi," fundi akasema. "Ukilalia mkeka unaamka na mistari. Sehemu iliyowaka sana imechoka kuliko nyingine. Tutapunguza mwanga, halafu tuweke picha nyeupe tupu, kioo kizima kichoke sawasawa."

Mzee akafikiri. "Yaani kuna shimo moja, wewe unapiga randa ubao wote."

"Hapo umesema."

"Kwa saa ngapi?"

"Mpaka kesho jioni. Na siahidi kwamba itaisha kabisa."

"Mwenye televisheni anafika saa kumi leo."

Fundi akamtazama, akatazama yale maneno kwenye kioo, akauma mdomo asicheke. "Aa," akasema. "Kumbe ndiye mama mwenyewe."

Waliweka ile picha nyeupe. Sebule ikang'aa kama zahanati. Fundi alikwenda kwenye kazi nyingine akarudi, na mzee kila baada ya muda alisogea, akafumba jicho moja kama apimaye kona ya meza. Saa tisa herufi zilikuwa zimepauka. Ukitaka kuziona ilibidi uzitafute, ila ukizitafuta zilikuwepo.

Mke akaja saa tisa na nusu. Mzee alisikia begi likiwekwa barazani, akarusha kile kitambaa cha meza juu ya televisheni, akakaa, akachukua gazeti.

"Hodi wenyewe," mke akasema akiingia. Akawasalimu wote wawili, kisha akasimama mbele ya kitambaa, mwanga mweupe ukipenya kwenye matundu yake. "Televisheni inaona baridi?"

"Vumbi," mzee akasema.

Mke akakivuta kitambaa. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena, akasoma kwa sauti, polepole: "Mama... asijue. Asijue nini?"

Fundi Pole akaanza kuhesabu bisibisi zake.

"Ni umeme," mzee akasema. "Umeme ulirukaruka."

"Siku hizi umeme umesoma, jamani."

Alikunywa maji, akaeleza mjukuu alivyo na masikio ya babu yake, maskini, kisha akamgeukia fundi kana kwamba mumewe hayupo. "Najua maneno hayo yalipotoka. Sijafika pale, lakini dada yangu alinisimulia. Nesi anaolewa na yule kaka mkubwa, mwenye duka la dawa."

"Kaka mkubwa yupi?" gazeti likasema. "Kaka mkubwa yuko jela tangu duka liungue. Anayeoa ni mdogo."

Gazeti likashuka lenyewe.

"Jela ipi, baba?" mke akauliza, mpole kama maziwa.

"Nimesikia tu."

"Kwa nani?"

"Kwa majirani."

"Majirani. Na flashi iko humu ndani." Akakaa kwenye kochi, akavua viatu kimoja kimoja. "Upuuzi wa wavivu, baba. Na harusi ilikuwaje?"

"Sijaiona."

"Unaanza tena."

"Haki ya Mungu sijaiona. Nilisimamisha hapo hapo." Mzee akazitazama kucha zake. "Ulisema unakuja Ijumaa. Ukaongeza siku."

Mke alikuwa amefungua kinywa, na fundi alijua kuna neno zuri linakuja. Halikuja. Akaondoa begi lake la mkononi kwenye kochi, akaliweka sakafuni, mahali pakabaki wazi.

"Fundi, tukiwasha sasa hivi?"

"Mtaharibu kazi, mama. Mpaka kesho jioni."

"Na mimi nilale bila kujua kaka mkubwa aliingiaje jela?" Akamgeukia mumewe. "Nisimulie wewe."

"Mimi siwezi mambo hayo."

"Umemenyea viazi humu sebuleni, maganda yako chini ya kochi. Utaweza. Anzia pale duka linapoungua, na usiruke."

Mzee akakohoa. Akaenda kukaa pale palipoachwa wazi, akainuka, maana duka haliungui mtu akiwa amekaa. Akasimama mbele ya kioo cheupe, mikono juu, akaanza na moshi. Alipofika kwa mama mkwe, sauti yake ikawa nyembamba.

Fundi Pole alikuwa ameshafunga mkoba wake. Akauweka chini, akavuta kigoda.