Watoto Tisini na Saba

Safia binti Chande alikuwa na muhula mmoja tu kazini, lakini tayari alijua jinsi Mwalimu Mkuu Omagor anavyofukuza walimu: mbele ya watoto wote, bila hata kupandisha sauti. Kwa hiyo alipokabidhiwa gwaride la Siku ya Madaraka, la kwanza tangu Kenya iwe Jamhuri, alijua kinachomsubiri akikosea.

"Watapita mbele ya D.O., afisa wa serikali, pale Busia," Omagor alimwambia. "Safu zote ziwe sawa. Sitaki mtoto ananing'inia nyuma kama mkia wa mbuzi."

Watoto walikuwa tisini na saba. Safia aliwapanga wanne wanne, akabaki mmoja. Akawavunja, akawapanga sita sita, akabaki mmoja. Wanane wanane, vilevile. Na kila mara aliyebaki alikuwa Amongin, kwa sababu wafupi walipangwa nyuma na hakukuwa na mfupi kumshinda. Omagor alitoka ofisini na fimbo yake, akamwona mtoto amesimama peke yake, akamchapa miguuni.

"Ukaidi huo," alisema. "Kesho nikimkuta hapo tena, mwalimu, nitajua mkaidi ni wewe."

Amongin hakulia. Alimwangalia Safia tu, na macho yale yakamchoma Safia kuliko maneno ya mkubwa wake.

Watoto walipokwenda nyumbani, Safia alibaki darasani na Phoebe, mwalimu wa darasa la kwanza, wakamwaga maharagwe tisini na saba mezani, moja kwa kila mtoto.

"Jaribu tatu tatu," Phoebe alisema.

"Inabaki moja."

"Tano?"

"Mbili zinabaki. Saba, zinabaki sita." Safia alisukuma maharagwe kando. "Ngoja, dada. Kumi haina haja ya kujaribiwa. Mbili inabakiza moja, kumi itaingilia wapi? Na tisa imejengwa kwa tatu."

"Basi jaribu kumi na moja."

"Kumi na moja mara kumi na moja ni zaidi ya mia. Ikiingia humu, mwenzake lazima awe mdogo kuliko yeye, na wadogo wote tumeshawajaribu." Aliegemea kiti. "Hii nambari ni tasa, Phoebe. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Yule mtoto amepigwa bure."

"Na nani ataenda kumwambia Omagor?"

Safia alikusanya maharagwe moja moja.

Asubuhi alisimama mbele ya meza ya Omagor. Fimbo ilikuwa imelala juu ya karatasi.

"Mwalimu Mkuu, tisini na saba haipangiki safu sawa. Labda mstari mmoja tu."

"Nani ameamua?"

"Hakuna aliyeamua. Ndivyo ilivyo."

Omagor alichukua kalamu. Aligawa, akagawa tena, akakunja uso.

"Kwa hiyo nimwambie D.O. hesabu imekataa?"

"Mmoja atangulie na bendera. Watabaki tisini na sita, nayo imejengwa kwa mbili tano na tatu moja, zikizidishwa pamoja. Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Wanane wanane, safu kumi na mbili, na hakuna wa kubaki."

Omagor aliweka kalamu chini. "Ukiniaibisha pale Busia," alisema, "usirudi hapa. Pitiliza huko huko hadi nyumbani kwa baba yako."

Siku ya Madaraka uwanja ulijaa watu mpaka kwenye paa za malori. Safia alihesabu watoto, akahesabu tena. Wawili hawakuja, nyumba moja ilikuwa na surua. Ngoma za shule iliyotangulia zilikuwa zinaishia, na Omagor alikuwa anakuja kwa hatua ndefu.

Tisini na tano. Ukitoa wa bendera, tisini na nne: mbili mara arobaini na saba. Arobaini na saba ilikataa mbili, tatu na tano, na saba mara saba inaipita. Tasa tena! Wangepita wawili wawili, foleni ndefu kama ya kliniki. Akajilazimisha kurudi mwanzo, kwenye tisini na tano yenyewe. Tano mara kumi na tisa. Tano ina katikati.

"Watano watano!" alipiga kelele, sauti ikampasuka. "Bendera iingie katikati ya safu ya mbele! Haraka, watoto wangu!"

Walikimbia, wakagongana, wakajipanga. Omagor alifika wakati safu ya mwisho inajaa. Alitembea hadi nyuma na kuhesabu vichwa kwa kidole. Amongin alikuwa pale, na wenzake wanne ubavuni. Omagor alishusha kidole, na filimbi ikalia.

Safia hakuwaona wakipita. Alikuwa nyuma ya lori, ameshika gurudumu, anatapika. Phoebe alimletea maji akamfuta uso kwa leso.

"Wamepita vizuri. Watu wanapiga makofi, husikii?"

"Amongin je?"

"Ameinua miguu kuliko wote."

Safia alikunywa maji. Kisha akaachia gurudumu, akaenda kuwapokea watoto.