Punje ya Kumi na Moja

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza, umewahi kujiuliza chumvi unayotia mchuzini ina nini ndani yake? Mimi niliikwangua miaka ishirini na miwili katika mashamba ya chumvi ya Gongoni. Niliibeba kichwani kwa karai, ikanipasua visigino hata viatu vya kufunika nikawa siviwezi, na sikujiuliza hata siku moja. Kwangu chumvi ilikuwa maji ya bahari yaliyokaushwa na jua, basi. Nilisoma nikaishia darasa la saba, na mambo hayo hatukuyafikia.

Aliyekuja kunifunza ni mjukuu wangu Kahaso. Lakini kabla hajanifunza, mimi nilimpotosha kwanza, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tunaishi wawili hapa Kisumu Ndogo, Malindi, chumba kimoja na kibaraza. Kahaso yuko kidato cha pili. Kichwa chake chepesi, ila mdomo mzito. Ukimuuliza, "Leo wali au sima?" atakujibu, "Chochote, hawe." Hawe ndiye bibi kwa Kigiriama chetu. Muhula wa kwanza mwalimu wao wa kemia, Bwana Ochola, alitangaza kwamba atachagua wanafunzi wawili wa kwenda kwenye mashindano ya sayansi mjini Kilifi. Kahaso alinieleza habari hiyo mara tatu jioni moja, na mara zote tatu akamalizia, "Lakini mimi sijali." Mtu asiyejali hasemi mara tatu. 

Sasa, siku moja alikuwa anajisomea habari za atomu, nami nachambua mchicha. Akaniambia kila kitu duniani, hata lile karai langu, kimejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Katikati ya kila kimoja kuna kiini, na elektroni zinakizunguka kwa maduara: la kwanza, la pili, la tatu.

"Ila nimesahau, hawe," akasema, "zinaanza kujaza duara la ndani au la nje?"

Nami kwa kujifanya mjuzi nikamjibu: "Mwanangu, hao si ni wageni? Matangani umeona watu wanavyokaa. Mwenye adabu zake haendi kujibwaga ndani kabisa, karibu na wafiwa. Anaketi mkeka wa mlangoni. Ndani wanaachiwa wakubwa."

Akacheka, akaandika hivyo hivyo.

Alirudi na karatasi ya mtihani, saba kwa thelathini. Aliambiwa achore sodiamu, ambayo ina elektroni kumi na moja. Yeye alichora nane duara la nje, tatu duara la kati, na la ndani akaliacha tupu. Pembeni pana wino mwekundu wa mwalimu: "Ndani hamna mtu?"

Na haikuishia hapo. Marvin, kijana anayeketi nyuma yake, ambaye alikwisha kupata nafasi moja ya Kilifi, alimuuliza mbele ya wote, "Kahaso, kwani atomu yako imefiwa?" Darasa likaangua kicheko. Tangu siku ile wakawa wanamwita Mama Matanga.

"Nimejitoa chama cha sayansi," akaniambia. "Mwalimu anasema mzazi aje Ijumaa."

"Ulimwambia kwamba ni mimi niliyekufunza vile?"

"La."

"Kwa nini?"

"Wangekucheka wewe, hawe."

 Mtoto amejibebea kosa langu, na nafasi aliyokuwa akiitaka inampotea hivi hivi.

Kesho yake alipotoka shule nikatandika mkeka barazani. "Lete kitabu. Leo wewe ndiye mwalimu, mimi sijui kitu."

"Niache, hawe."

"Sikuachi. Soma polepole. Mimi nimekaa miaka ishirini na miwili nikingoja maji ya bahari yakauke, utanishinda wewe?"

Akasoma. Nilipokwama nikamrudisha nyuma, hata mara tano. Nikachukua ungo, nikachora maduara matatu kwa mkaa. Katikati tukaweka kiini: maharagwe mekundu kumi na moja yakawa protoni, na meupe kumi na mawili yakawa nyutroni. Kwa elektroni nikataka kutumia kunde, akakataa.

"Kunde ni kubwa mno. Elektroni karibu elfu mbili ndizo zinazofikia uzito wa protoni moja."

Basi tukatumia simsim.

"Na kwa nini zisianzie mlangoni?" nikamuuliza.

Akafuata mistari kwa kidole. "Protoni zina chaji chanya, elektroni zina hasi, kwa hiyo zinavutana. Na iliyo karibu na kiini inavutwa zaidi."

"Ala! Kumbe hazikuja kwa adabu. Zimevutwa!"

"Zimevutwa, hawe!" Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. "Ndani panajaa kwanza. Duara la kwanza linatosha mbili tu. La pili, nane."

Nikaweka mbili. Nikaweka nane. Punje moja ikabaki imening'ang'ania kidoleni.

"Na hii?"

"Hiyo inakwenda duara la tatu, peke yake."

Akaniomba ungo wa pili, tukauazima kwa jirani. Akapanga klorini, protoni kumi na saba, hata maharagwe tuliyokusudia kupika yakaishia pale. Elektroni zake zikakaa mbili, nane, halafu saba.

"Huku pana pengo moja," nikasema.

Kahaso alilowesha kidole, akaiokota ile punje ya peke yake, akaihamishia kwenye ungo wa klorini. Kule sasa zikawa nane.

"Sodiamu ukiitia majini inalipuka, hawe. Klorini ni hewa ya sumu. Zikipeana hivi, zinashikana. Unajua ni nini hii?"

"Sijui."

"Ni chumvi."

Nilitazama zile nyungo mbili, nikatazama visigino vyangu. Nikamwambia, "Panga tena, toka mwanzo."

Ijumaa nikavaa leso yangu mpya, nikajitwika nyungo, mbegu tumezifunga kwenye makaratasi. Bwana Ochola akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitikia, na hata sikungoja kiti: "Mwalimu, lile kosa ni langu. Nilimfunza adabu za matanga."

Akacheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, "Basi ataurudia mtihani, ila kwa mdomo, mbele ya wenzake."

Nikaketi nyuma kabisa ya darasa. Kahaso alipoanza kupanga mbegu, Marvin akaita, "Mama Matanga, leo wageni wanaanzia wapi?"

Kahaso akabandika punje moja kwenye duara la ndani. Kisha akasema bila kugeuka, "Wanaanzia ndani, Marvin. Na wewe punguza pumzi, utanipeperushia elektroni."

Mara hii aliyechekwa ni Marvin, naye akacheka pamoja nao.

Akaeleza yote, kiini, maduara, mvutano, bila kutazama kitabu. Mwalimu akaja, akaiondoa ile punje ya kumi na moja. "Nimeichukua hii. Bado ni sodiamu?"

Hilo hatukulisoma barazani. Kahaso akagusa maharagwe mekundu, moja moja, midomo ikimchezacheza.

"Bado ni sodiamu," akasema. "Protoni ni zile zile kumi na moja, na hizo ndizo zinazoipa jina. Ila elektroni sasa ni kumi, kwa hiyo chanya imezidi kwa moja."

Mwalimu akaweka chaki chini, akapiga makofi. Darasa zima likafuata, Marvin akipiga na dawati. Nami nitafanyaje? Kigelegele kilinitoka, kirefu, hata darasa la jirani wakaja madirishani kuuliza ni harusi ya nani.

Tulipotulia, Bwana Ochola akasema, "Nafasi ya pili ya Kilifi iko wazi bado. Watatu wameiomba. Wewe, Kahaso, hukuiomba."

Kahaso akainamia viatu vyake. Nilitaka kumsemea, nikajiuma ulimi.

"Chochote utakacho…" akaanza, kisha akakatiza. Akautazama ungo. Akainua kichwa.

"La, mwalimu. Naitaka mimi. Nimeitaka tangu muhula wa kwanza."