Ubao wa Kijani

Siyad Keinan alikuwa msimamizi wa Mradi wa Pumua Vyema mjini Garissa, kazi iliyompa gari, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na mashine moja ya kupima hewa. Mashine ilifungwa juu ya nguzo kando ya soko la mifugo. Ubao wa taa uliounganishwa nayo ukawekwa barabara kuu ili kila mpita njia ajue anavuta nini.

Ilikuwa Februari, katikati ya jilaal, kile kiangazi kikali. Upepo wa kaskazini ulipita nyika yote bila kukutana na kilima wala msitu, ukafika sokoni na kukuta kwato zimeshasaga ardhi ikawa unga. Ubao uliwaka mwekundu tangu asubuhi mpaka magharibi.

Aliyeumia zaidi alikuwa Kaltun, mama mdogo wa Siyad, aliyeuza maziwa ya ngamia hapo sokoni. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Kila jilaal alijiziba mdomo kwa mtandio na kuongea kwa ishara, ingawa wateja walisema hata ishara zake zilikuwa na kelele. Bahati nzuri, kwa sababu ya ule wekundu, mradi ulileta hema la kliniki ya kifua, lenye muuguzi na dawa ya kuvuta, karibu kabisa na meza yake.

Kisha makao makuu Nairobi yakatangaza tuzo kwa mji wenye hewa safi kuliko yote ya nyanda kavu. Siyad hakulala akiiwaza. Kesho yake aliipeleka mashine ukingoni mwa Mto Tana, katikati ya migomba ya mkulima mmoja aitwaye Jarso, mahali penye kivuli na majani mabichi.

Ubao ukageuka kijani: HEWA NZURI SANA. Madereva waliwasha taa mchana ili wausome katikati ya vumbi.

Nairobi nao waliusoma, kwenye kompyuta zao. Wakapiga simu kumpongeza Siyad, wakang'oa hema na kulipeleka mji mwingine wenye shida.

Juma hilohilo Kaltun alibanwa kifua katikati ya mauzo, akakimbizwa hospitali kwa tuktuk huku midomo imemgeuka kijivu. Alipopata nafuu alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Siyad.

"Lile hema liko wapi?"

"Habaryar," Siyad alisema kwa Kisomali chao cha nyumbani, akimwita mama mdogo kwa heshima, "takwimu zinaonyesha hewa imeboreka."

"Imeboreka wapi?"

"Kwa jumla."

"Mimi sipumui kwa jumla, Siyad. Napumua kwa pua hii."

Siyad aliinamisha macho. Aibu ilimshika, lakini tuzo ilimshika zaidi.

Majaji walifika mwishoni mwa Machi. Siyad alikodi lori la maji linyunyizie barabara kuu, lakini akina mama walilifuata na madumu na kulikausha kabla halijafika mzunguko wa kwanza. Hakujali. Aliwapanga majaji mbele ya ubao, akasimama na kipaza sauti, watu wakajaa.

Siku hiyo Jarso alikuwa akisafisha shamba kusubiri mvua za gu, yaani masika, kama afanyavyo kila mwaka. Alikusanya majani makavu ya migomba na mabua ya mahindi, akayawasha. Moshi ukaenda moja kwa moja kwenye mashine.

Nyuma ya Siyad ubao uligeuka manjano, kisha mwekundu, kisha zambarau, rangi ambayo Garissa haikuwahi kuiona.

Mkuu wa majaji, mama mmoja mnene kutoka Nairobi, alipiga chafya, akaunyooshea ubao kidole.

"Tumezunguka miji yote," alisema. "Kote ubao ni kijani na sisi tunakohoa. Nyinyi peke yenu ndio mmetuonyesha ukweli. Tuzo ni yenu, kwa uaminifu."

Siyad aliweka mkono kifuani. "Sisi Garissa hatufichi kitu," alisema.

Kaltun, ambaye kama soko zima alijua mashine ilikopelekwa, alisukuma watu mpaka mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kila p ikigeuka b, lakini kilitosha.

"Mama, bole na safari. Kama hii ni ukweli, rudisha hema. Na mashine irudi sokoni kwa mbuzi, hiyo ya mtoni inabima ndizi!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Jaji alimgeukia Siyad, akaona jibu usoni pake. Lakini kombe alikuwa ameshamkabidhi, na wapiga picha walikuwa wameshapiga. Alichoweza kufanya ni kuamuru hema na mashine virudi sokoni kabla ya wiki kwisha, na vilirudi.

Mvua za gu zilipopiga, vumbi lilishuka. Kaltun alifungua mtandio mdomoni na sauti yake ikarudi, jambo ambalo baadhi ya majirani hawakulifurahia sana.

Siyad alipandishwa cheo, akahamishiwa Nairobi kufundisha miji mingine uaminifu. Siku ya safari Kaltun alimpa dumu dogo la maziwa, akamwombea dua, kisha akamshika sikio kama mtoto.

"Huko uendako," alimwambia, "usishike mashine ya mtu."