Kitambaa cha Nyambeki

"Huyo msichana yako huko Nairobi, bado anavaa hiyo kitambaa?" Rodah aliwahi kumuuliza jirani yake Mongina wakichuma chai, kila mmoja upande wake wa ua. Mongina alimjibu kwamba mwanamke wa kanisa lao, Mmenonaiti, havui kitambaa cha kichwani kwa sababu ya mji. Alijibu bila kumuuliza binti yake mwenyewe.

Jibu lenyewe alilipata Jumamosi, Nyambeki aliporudi Sotik kwa ajili ya Meza ya Bwana. Ni msichana wa miaka kumi na saba. Lifti za mjini anapanda bila kushika ukuta, Sheng anaongea, na cherehani ya umeme chuoni anaiendesha vizuri kuliko wenzake. Mji haukumshinda. Aliyemsumbua ni Molly, mke wa baba yake mdogo, ambaye Nyambeki anaishi kwake.

"Wageni wake walicheka kitambaa changu, Aunti akakivuta kichwani mwangu," Nyambeki alisema. "Halafu akapangusia jiko. Na mimi nimesimama hapo."

Kitambaa hicho Mongina alikishona kwa mkono mwaka aliofiwa na mume. Moyo ulimchemka. Lakini ulibaki muhula mmoja, na kitanda cha Nairobi ni cha Molly.

"Kesho ukiulizwa, sema uko na amani," akamwambia. "Ni neno moja tu."

Kanisani kwao hakuna anayekula mkate kabla ya kuoshana miguu, na hakuna anayeosha miguu ya mtu kabla ya kusema wana amani. Jumapili, upande wa wanawake, beseni lilifika kati ya Nyambeki na Molly. Molly, naye amekuja kutoka Nairobi kwa ajili ya Meza, alikuwa amevua viatu, kitambaa kipya cheupe kichwani, kimepigwa pasi.

"Mko na amani?" mke wa mchungaji akauliza.

"Iko," Molly akasema. "Huyu si ni mtoto wangu?"

"Mimi sina," Nyambeki akasema. "Aunti alipangusia jiko kitambaa changu, na hajaniambia pole."

Molly akacheka kidogo. "Kwani ni bendera? Mama Nyambeki, ongelesha mtoto yako. Ama atafute kwingine kwa kulala."

Wanawake wote wakamgeukia Mongina. Miaka ishirini hajawahi kukosa Meza. Watoto wake amewafundisha kwamba ndiyo iwe ndiyo na hapana iwe hapana. Hata kortini Wamenonaiti hawaapi. Na jana, kwa mdomo wake mwenyewe, alimfundisha huyu uongo kwa sababu ya kitanda. Hasira ikamla yeye kwanza, kisha ikarudi kwa Molly, kubwa kuliko ilivyotoka.

"Mwambie aoshe, mama," mke wa mchungaji akasema polepole. "Maji inapoa."

"Haoshi," Mongina akasema. "Na mimi pia sina amani."

Akaokota viatu vya Nyambeki, akampa mkononi, akatangulia mlangoni, beseni likabaki mbele ya miguu mikavu ya Molly.