Kumi Kumi Ukumbini

Winifred Tuttle alikuwa msemaji wa miji midogo mbele ya bunge la jimbo, na mwaka ule wa korona kazi hiyo aliifanyia jikoni kwake, juu blauzi ya ofisini, chini suruali ya kulalia. Kamati ilikutana kwa kompyuta. Aliwaomba jambo moja tu: sheria ilegezwe, miji ipitishe bajeti bila wananchi kujazana ukumbini.

Kwao bajeti haipitishwi na wakubwa. Wenye kura wote hukaa chini ya paa moja, wakabishania hata chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani, kisha wakainua mikono. Sasa gavana alikuwa amepiga marufuku mkusanyiko wa zaidi ya watu kumi. Mjini kwake Winifred, Harlow Falls, bajeti isipopita kabla ya Julai gari la wagonjwa lingeegeshwa. Lilikuwa hilo hilo moja, na wiki ile lilishabeba watu tisa.

Mwenyekiti wa kamati, Seneta Lowell Pruitt, hakutaka kusikia. Mkutano wa mji una miaka mia mbili, alisema, hauvunjwi kwa ajili ya kikohozi. Miji isubiri.

Winifred alichukia mpaka chai ikamwagika. Huyu Pruitt alikuwa jirani yake, wamesoma darasa moja, na ndiye aliyeongoza mkutano wa Harlow Falls kwa miaka ishirini na miwili, nyundo ya mbao mkononi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, akajisemea, kwa binadamu mchungu. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha kanuni za mji. Alikuwa karani wa mji kabla ya kazi hii, na kitabu kile alikijua ndani nje.

Siku tatu baadaye Pruitt alikuta tangazo limegongomelewa mlangoni pa posta. Wananchi walikuwa wamedai mkutano kwa saini zao, na sheria inawapa haki hiyo. Wangeingia ukumbini kumi kumi, mwongozaji, yaani yeye Pruitt, akiwa ndani ya hesabu ya kila kundi. Kila hoja ingesomwa upya kwa kila kundi. Mtu akileta badiliko la hoja, makundi yote yangerudi mwanzo.

Simu ya Winifred ikalia kabla hajamaliza mkate.

"Winnie, hii ni siku ngapi?"

"Nne, Lowell. Kama Orville atanyamaza."

Orville Stickney alikuwa mfugaji wa ng'ombe, na tangu apate haki ya kupiga kura hajawahi kuhudhuria mkutano bila kuleta badiliko.

"Mgongo wangu unauma. Najiuzulu."

"Mwongozaji hujiuzulu mbele ya mkutano. Uje kwanza."



"Na chooni je?"

"Mapumziko ni kwa kura. Ya makundi yote."

"Una roho mbaya wewe, tangu darasa la pili."

"Nina gari moja la wagonjwa, Lowell. Wewe una nyundo."

Wiki iliyofuata sheria ilipita, seneta akiitetea kama vile ameizaa yeye. Winifred alimwachia sifa zote, hakuwa na haja nazo.

Wananchi wakakutana kwenye uwanja wa maonyesho, kila mtu ndani ya gari lake, honi ndiyo kura. Pruitt alisimama juu ya tela la majani makavu. Ilipofika hoja ya gari la wagonjwa, Orville akachomoa karatasi yake dirishani: badiliko. Kabla hajaisoma, gari lenyewe, lililoegeshwa nyuma yake, likawasha taa. Kuna mtu kazidiwa huko bondeni. Orville alikuwa ameziba lango, akasogea pembeni kwa pupa mpaka tairi mbili zikazama mtaroni. Gari likapita.

Wanaoafiki wakaitwa, honi zikalia uwanja mzima.

"Wasioafiki?" aliuliza Pruitt, akangoja kama alivyongoja miaka yote.

Orville, amekaa upande upande mtaroni, alitoa mikono yote miwili nje ya dirisha, mbali na honi, ili kila mtu aione.