Chandarua cha Mapacha

Mimi Esteria si mtu wa kutishwa ovyo. Nimewahi kumfukuza fisi zizini kwa mchi wa kutwangia, na siku mnunuzi wa pamba kutoka mjini alipotaka kunipunja kwenye mizani, nilikalia gunia langu nikagoma kuondoka mpaka akapima upya. Lakini mbu namwogopa. Namwogopa tangu mvua zile alizotuulia Salu, mjukuu wangu wa kwanza, na namwogopa zaidi kwa sababu siku ile na mimi nilikuwa na mkono wangu. Mtoto alishikwa na degedege. Violeth, mama yake, akataka tumkimbize zahanati, mimi nikakataa. Nikasema degedege halipigwi sindano, ukilipiga sindano linaua. Nikamfukizia mtoto mavi ya tembo. Jua halijatua, Salu akawa ameshakwenda.

Violeth hakunisema hata neno moja. Ni heri angenitukana.

Baadaye akajifungua mapacha, wa kike na wa kiume. Kanisani walibatizwa Lucy na Yakobo, ingawa kwetu pacha huzaliwa na majina yake tayari, Kulwa na Doto, hata padri afanyeje. Nikajiapiza kwamba hawa hawatanitoka. Kwa mapacha hofu ni mara mbili, maana wazee wetu husema mmoja akiugua, mwenzake yuko njiani.

Walikuwa na mwaka mmoja na nusu pale mwanangu Maige, baba yao, aliposwaga ng'ombe wote kwenda Meatu kutafuta malisho. Ilikuwa ile miaka soko la pamba lilipoachiwa huru. Kila mwenye lori akawa mnunuzi, na kila mwenye jembe akawa analima pamba mpaka mlangoni kwake, hata hapa Zagayu pakakosekana pa kulisha ndama. Zizi likabaki tupu, na wiki ileile mbu wakahamia ndani. Sitii chumvi. Tulikuwa hatujamaliza kula ugali wa jioni, tayari wako kwenye vifundo vya miguu.

Bwana afya, Novatus, alipokuja kufanya mkutano kwenye ghala la zamani la ushirika, nilikuwa wa kwanza kusimama.

"Mbona mbu wametuzidi hivi?"

"Mayu," akaniita, kama tunavyowaita kina mama huku, "ng'ombe wako wako wapi?"

"Wako Meatu."

"Basi ndiyo hivyo. Mbu wa huku anakunywa damu ya ng'ombe na ya mtu. Ukimwondolea ng'ombe, anakuja kwako. Anayeuma ni jike, anataka damu ili atage mayai. Akishanyonya kwa mgonjwa wa malaria, siku kadhaa baadaye anampelekea mwingine."

"Anaanza kuuma saa ngapi?"

"Giza likianza tu kuingia, mayu. Na wengine wanasubiri mlale."

Watu walicheka alivyosema hivyo. Mimi niliwafikiria mapacha wangu.

Kisha akatuonyesha namna ya kuchovya chandarua. Alimimina dawa kutoka kwenye chupa ya soda, maji ya ndoo yakawa meupe kama maziwa, akachovya, akakamua, akatandaza kivulini. Tulipanga foleni na vyandarua vyetu, na dawa yake ikaisha kabla sijafika mbele. "Inauzwa Bariadi mjini," akasema. Bariadi mjini! Kama vile mbu wangeningoja niende nirudi.

Nyumbani kulikuwa na dawa iliyobaki baada ya kunyunyizia pamba. Zamani ushirika ulituletea dawa hiyo kwenye kopo lenye picha ya fuvu la kichwa. Siku hizi wafanyabiashara walitupimia kwenye chupa yoyote iliyokuwa karibu, na yetu ilikuwa chupa ya soda. Nilimimina kifuniko kimoja kwenye ndoo. Maji yakawa meupe, meupe kabisa kama ya bwana afya. Nikaongeza cha pili, na cha tatu.

Violeth alisimama mlangoni na Yakobo mgongoni. "Mayu, hii si ya funza wa vitumba vya pamba?"

"Funza ni mdudu, mbu naye ni mdudu. Dawa imwulize ukoo wake kwanza?"

Akaniletea chandarua. Violeth ana kosa moja tu, ananitii.

Siku ile kulikuwa na mawingu na chandarua hakikukauka vizuri, lakini nilikifunga hivyohivyo juu ya kitanda cha watoto. Asubuhi nilikuta mbu wamekufa mkekani, na mende, na nzi. Nikawafagia nikiimba. Sikuwa nimelala usingizi kama ule tangu tumzike Salu.

Mchana nikawalaza tena humohumo. Lucy ana tabia ya kunyonya kila kitambaa kinachofika mdomoni, na nilipochungulia nilimwona ameshika pindo la chandarua, ananyonya, anasinzia. Nikaona raha kumtazama. Saa moja baadaye Violeth akapiga kelele.

Lucy alikuwa anatokwa mate, mengi, yanamwagika hadi shingoni. Mikono ilimrukaruka yenyewe na pumzi ilikwaruza. Nililijua lile jambo. Nilikuwa nimeshaliona kwa macho yangu.

"Degedege," nikasema. "Mwite Joakim na baiskeli yake. Upesi! Safari hii anakwenda zahanati."

Violeth alitaka kumpeleka yeye mwenyewe, lakini Joakim, jirani yetu, alikuwa ameshafika, na mimi nilikuwa nimeshamfunga mtoto kifuani kwa kanga. Nikapanda kwenye kiti cha nyuma. Nikamwambia Violeth neno la mwisho, na nalikumbuka lote.

"Yakobo usimwache nje. Mwenzake ameshaumwa. Jua likigusa kile kilima, awe ndani ya chandarua, na uchomeke pembe zote nne chini ya godoro. Umenisikia?"

"Nimesikia, mayu."

Zahanatini tabibu Anatoli alikuwa anafunga dirisha. Nilimwekea mtoto mezani kabla hajanisalimu. "Mchome sindano," nikamwambia. "Sikatazi. Mchome hata kumi."

Alimgusa Lucy kwenye paji la uso, kisha kwapani. "Huyu hana homa," akasema. "Wa baridi kabisa, na jasho lote hili." Akamfunua jicho, akamulika tochi. Mboni ilikuwa imejifinya kama tundu la sindano. Akainama, akamnusa mdomo, na uso wake ukabadilika.

"Mayu, huyu mtoto amegusa dawa ya pamba?"

"Hajagusa. Tangu jana yuko ndani ya chandarua tu, nilichokichovya mwenyewe kwa—"

Sikumaliza. Aliita muuguzi, Philomena, wakamvua mtoto nguo, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele, vidole, mdomo. Wakampiga sindano, wakangoja, wakampiga nyingine. Mimi nilisimama ukutani. Niliomba rozari na sikujua nimefika fumbo la ngapi. Hatimaye Lucy akakohoa, akalia, kilio kidogo cha hasira. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Bado hatujavuka," akasema Anatoli, "lakini anapumua. Sasa niambie, nani mwingine analala kwenye chandarua hicho?"

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshashuka sana.

"Nenda," Philomena akaniambia. "Huyu nakaa naye mimi."

Joakim alikanyaga pedali kama mwizi anayefukuzwa. Njia ilikuwa tope, na mara mbili tulishuka tukaisukuma baiskeli tukikimbia, mimi na miaka yangu hii, viatu nimeviacha sijui wapi. Nilikuwa namwomba Mungu Violeth achelewe. Apike kwanza. Aende kisimani, asahau, awe mvivu siku hiyo moja tu. Halafu nikakumbuka kwamba mkwe wangu hajawahi kusahau jambo nililomwagiza. Tulipofika mbugani, jua likagusa kilima. Nililiona likigusa. Nililia kwa sauti, na Joakim akazidi kukanyaga.

Tulifika giza linaingia. Niliingia chumbani bila hodi. Chandarua kilikuwa kimefungwa vizuri sana, pembe zote nne zimechomekwa chini ya godoro kama nilivyosema. Nikakishika kwa mikono miwili nikakirarua, nikapapasa shuka, nikapapasa mto. Kitandani hapakuwa na mtu.

"Mayu?"

Violeth alikuwa nyuma yangu, koroboi mkono mmoja na Yakobo ubavuni.

"Nisamehe, mayu. Nilimwingiza kama ulivyosema, akalia, anajikuna, macho yanamtoka machozi. Nikamtoa nje apate hewa, nikasema nitamrudisha akitulia. Mbu wamemla. Najua ulivyoniambia. Nisamehe."

Nilimpokea koroboi, nikamulika. Mtoto alikuwa amevimba vipele usoni, masikioni, miguuni. Macho makavu sasa, mapana, yananishangaa. Nikamnusa mdomo, unanuka uji. Nikapiga magoti nikambusu vile vipele kimoja kimoja, nikicheka kama kichaa, na Violeth akaogopa zaidi.

"Lucy yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia yote. Kwamba Lucy anapumua, analia, wanamhudumia. Kwamba halikuwa degedege. Kwamba ni ile ndoo, na vifuniko vitatu, na mkono wangu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Nikanyoosha mikono nimchukue Yakobo ili yeye ajiandae kupelekwa na Joakim zahanatini kwa Lucy. Violeth akarudi nyuma hatua moja, akamkumbatia mtoto, hakunipa.

"Nitakwenda naye," akasema.

Hakupaza sauti. Akaketi kizingitini kumfunga mgongoni, na fundo la kanga likawa halishiki. Mbu walikuwa wameshafika, nawasikia masikioni. Chandarua kilikuwa matambara sakafuni, na hata kingekuwa kizima nisingethubutu kukigusa. Nikakaa chini karibu yao, si karibu sana, nikavua kanga yangu ya begani, nikawapepea. Kila mbu aliyetaka kutua juu ya mtoto nilimfukuza. Aliyekuja kwangu nilimwacha anywe.