Posa ya Injini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeteuliwa kuwa walii wa injini, yaani mimi ndiye wa kumwoza.

Kabla hamjanicheka, mjue nililala katika hali gani. Nililala na hasira. Gari la marehemu baba yangu, Mzee Mhina, lile jekundu la michezo lenye milango miwili na umri wa miaka thelathini na tano, lilidondosha ekzosi, bomba lake la moshi, Jumatatu pale kwenye kivuko cha reli, hapa hapa Muheza. Ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukiitazama sana inatoboka. Fundi Kihiyo akanipa mabomba matatu nichague moja. Kila nililolichagua asubuhi, jioni nalikataa.

Si ubahili wala ujuaji. Ni mama. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na jioni yake anaijua kwa sauti ya lile gari. Tangu enzi za baba, likivuka reli tu, yeye anainuka kubandika kahawa. Baba alipofariki nikawa naliendesha mimi, na kahawa haikukoma. Sasa siku ya Jumanne Fundi alinifungia bomba moja la kujaribia. Nilipofika nyumbani nikakuta mama kafunga geti kwa kufuli.

"Sikufungulii," aliniambia kupitia upenyo. "Gari hilo silijui, na wewe unaiga sauti ya mwanangu."

Nilikaa nje hadi mke wangu Mwajabu aliporudi sokoni. Kahawa haikubandikwa. Jumatano nikalitoa lile bomba, nikaliacha gari uani juu ya mawe, na kahawa haikubandikwa vilevile. Mama alikaa barazani, mikono mapajani, akaniuliza kwa utulivu kabisa kama baba yangu amekufa tena.

Basi ndipo nikaota.

Tuko sebuleni kwetu, mchana kweupe. Injini yuko chumba cha ndani, mlango umerudishwa, kajifunika kanga ya mama. Mimi nimeketi mkekani na kanzu ya baba inayonibana kwapani. Kulia kwangu kakaa mjomba wa injini, ambaye ni jeki. Anaheshimika sana, maana ukoo mzima hakuna ambaye hajawahi kunyanyuliwa naye.

Mshenga ni spana namba kumi na nne. Anapiga hodi, anavua viatu, anakaa.

"Nimeleta wachumba watatu," anasema. "Bomba lazima lipatane na injini. Hiyo ndiyo sheria."

"Fundi Kihiyo kaniambia hivyo hivyo."

"Fundi alisema tu. Sisi tunatekeleza."

Mchumba wa kwanza ametoka Japani kwa meli. Anang'aa, ana vinywa viwili, na vyote vinazungumza kwa pamoja.

"Nikipita mtaani, vikombe vinacheza kabatini," kinasema cha kushoto.

"Na watoto wanaamka," kinasema cha kulia, kama vile ni sifa.

Fundi alinionya kwamba bomba likiwa pana mno injini hukosa pumzi. Naam. Mchumba alipokaa tu, pumzi ya injini ikachomoka chini ya mlango, ikakatiza sebule na kujificha uvunguni mwa kochi. Tukaitafuta kwa fagio. Jeki akanyanyua kochi, na spana akaishika pumzi kwa meno na kuirudisha chumbani. Hakuna aliyeshangaa ila mimi.

Mchumba wa pili alikuwa bomba la kigari kidogo cha ofisini, mwembamba, mpole mno. Alijieleza kwa muda mrefu na hatukusikia kitu. Spana akatuambia tumsome midomo. Hakuwa na midomo.

Wa tatu alichomelewa na Fundi kwa mikono yake kutokana na bomba la maji.

"Ukoo wetu ni wa kisimani," akasema, na kila neno lilidondosha tone. Mkeka ukalowa mpaka kwangu. Nilitamani kumtwanga, lakini kwenye posa hupigani.

"Walii," akasema jeki, "kamuulize binti. Utaratibu ni ule ule. Akinyamaza, ameridhia."

Nikaenda mlangoni. Nikasema, "Kuna mchumba wa Japani, unamtaka?" Injini akanguruma. Kalenda ikaanguka ukutani. Nikamtaja wa ofisini, akanguruma. Nikamtaja wa kisimani, akanguruma hadi vigae vya paa vikabadilishana nafasi.

"Amewakataa wote," akasema spana, akaandika.

"Hajawakataa. Hana ekzosi, hawezi kunyamaza."

"Ekzosi atapewa akishanyamaza."

"Atanyamazaje bila ekzosi?"

"Hilo ni la walii," akasema jeki, akajimiminia oili kwenye kikombe.

Nikamzima kwa ufunguo. Kimya. Nikarudi mbio kuwaambia amenyamaza.

"Huyo kalala," akasema jeki. "Kimya cha aliyelala hakihesabiwi."

Nikawasha, akanguruma. Nikazima, wakasema kalala. Nilifanya hivyo mara kumi na moja, jasho linanitoka, kanzu inachanika kwapani, na wale wachumba wakaanza kuulizana kama kuna chakula. Sijawahi kuchoshwa na watu namna ile, na hata watu wenyewe hawakuwa.

Nilipogeuka mara ya kumi na mbili, sebule haikuwepo. Tulikuwa kwenye kivuko cha reli, tumekaa vilevile, mkeka umetandikwa juu ya vyuma. Treni la mizigo lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kwetu.

"Ni posa?" likauliza.

"Ni posa," nikasema.

"Nitangoja. Ila nina mkonge wa watu."

Ndipo mama akaja anatembea katikati ya reli, bila fimbo, anaona vizuri. Amebeba ile ekzosi iliyooza, kaizungushia shuka jeupe.

"Mnamuuliza nani hivyo?" akasema.

"Injini, mama. Tunasubiri anyamaze."

"Kwani huyo ni mwali?"

Spana akakunja karatasi yake taratibu.

"Miaka thelathini na tano alikuwa na mume," akasema mama, "na mume kaangukia hapa Jumatatu. Mwali ndiye anayengojwa anyamaze. Mjane hujibu kwa kinywa chake. Kutwa nzima anawajibu, na hakuna hata mmoja aliyetega sikio."

"Na eda, mama yangu?" akauliza spana, sauti imepungua.

"Eda kaimaliza mume akiwepo. Huyu niliyembeba alioza tangu mwaka juzi."

Niliona aibu ikanishuka hadi miguuni. Kwangu kuna mjane mwingine, na siku tatu nzima nilikuwa namchagulia bomba bila kumuuliza hata mara moja.

Nikamsogelea injini, ambaye sasa alikuwa kando ya reli na kanga yake. Safari hii sikuuliza kitu. Nikasikiliza. Ndani ya ule mngurumo kulikuwa na maneno, tena ya mtu aliyechoka kurudia.

"Atakayekuja awe na upana wa yule aliyeondoka," alisema. "Asizidi, asipungue. Sauti nitaitia mwenyewe."

"Amesema," akatamka jeki. "Nani shahidi?"

Mama akaifunua ekzosi. "Weka mkono," akaniambia.

Nikabandika kiganja cha kulia kwenye mdomo wa ile ekzosi. Ilikuwa imelala barabarani siku tatu, lakini ilikuwa ya moto. Mama akaukandamiza mkono wangu kwa mkono wake, akahesabu polepole hadi kumi, kisha akaliambia treni linaweza kupita. Treni likashukuru, likapiga honi, likatupitia.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na nyumba nzima inanukia kahawa.

Nilitoka uani kwanza. Gari lilikuwa juu ya mawe yake, halina ekzosi, na kuku kalala chini yake. Barazani mama alikuwa ameketi na vikombe viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, itapoa. Nimelisikia linavuka reli, nikabandika."

Nilitaka kumwambia kwamba gari halijasogea tangu Jumatano. Badala yake nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza siku ya kwanza.

"Mama, wewe unataka tufunge bomba la namna gani?"

"Ndiyo unaniuliza leo," alisema.

Akaninyooshea kikombe, na mkono wake ukakutana na kiganja changu cha kulia. Akakiweka kikombe chini. Katikati ya kiganja kulikuwa na duara lililobonyea kwenye ngozi, jeusi kwa masizi. Yeye hakuweza kuliona. Alilifuata kwa kidole, akalizunguka mara moja, kisha mara ya pili, polepole.

"Usinawe," akasema. "Mpelekee Fundi apime kwanza."